Kwa nini Wademokrat wa 1924 si Wademokrat wa leo

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, hoja mbili hupigana mitandaoni, na siku hizi hupigana kwa Kiswahili pia. Ya kwanza inasema Abraham Lincoln, aliyefuta utumwa, alikuwa Mrepublican, na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walikuwa Wademokrat. Kwa hiyo Mtu Mweusi anayekishabikia chama cha Democratic anawashabikia waliowatesa babu zake. Ya pili huletwa kuijibu: vyama hivyo vilibadilishana, wa huku wakaenda kule, basi.

Hoja ya kwanza imejengwa kwa vipande vya ukweli vilivyopangwa vibaya. Ya pili iko karibu zaidi na yaliyotokea, ila husimuliwa kana kwamba watu walikaa kikao wakakubaliana kubadilishana viti. Mabadiliko yenyewe yalichukua miongo kadhaa, na sehemu yake nzito ilitokea kati ya vita viwili vya dunia. Njia nyepesi ya kuyaelewa ni kuwafuata watu waliotaka urais miaka ile: nani alitaka, nani alimzuia, na kwa kanuni gani.

Chama, wajumbe na hesabu

Msomaji wa Tanzania akisikia neno chama hufikiria kadi, matawi, kamati kuu na mwenyekiti mwenye neno la mwisho. Vyama vya Marekani vya miaka ya 1920 havikuwa hivyo. Nchi ilikuwa na majimbo 48, na kila jimbo lilikuwa na Democratic yake na Republican yake, zenye vigogo wao, fedha zao na ugomvi wao. Chama cha kitaifa kiliamka kila baada ya miaka minne, kikafanya mkutano mkuu, kikateua mgombea, kisha kikasinzia tena. Anayeifahamu miungano ya kisiasa ya Kenya, ambako kila eneo lina msemaji wake na kila msemaji huja mezani na kapu lake la kura, tayari ameshakielewa chama hiki zaidi ya nusu.

Wajumbe wa mkutano mkuu ndio walioteua mgombea urais. Walipatikanaje? Majimbo yasiyofika nusu yalifanya kura ya mchujo, ile ambayo Watanzania huiita kura za maoni, na hata huko matokeo mara nyingi hayakumfunga mjumbe. Kwingineko wajumbe waliteuliwa katika vikao vya chama vya jimbo, yaani kwa ridhaa ya kigogo wa jimbo. Mwenye kutaka urais angeweza kupendwa na mamilioni ya watu na bado akakwama, kwa sababu watu wachache wenye wajumbe mfukoni hawakumtaka.

Baada ya uteuzi huja uchaguzi wenyewe, na hapa wengi huchanganya. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe maalumu wa kumchagua rais, tofauti na wale wa mkutano mkuu, wanaolingana na idadi ya wabunge wake pamoja na maseneta wake wawili. Miaka ile jumla yao ilikuwa 531, na ushindi ulihitaji 266. Karibu kila mahali, anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura chache, huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Ndiyo sababu vyama vya tatu hukwama. Mwaka 1924 Seneta Robert La Follette wa Wisconsin alijitenga na Warepublican, akagombea kwa kuungwa mkono na wakulima na vyama vya wafanyakazi, akapata karibu kura milioni 4.8, ambazo ni asilimia 16.6. Mpiga kura mmoja kati ya sita alimchagua. Aliambulia wajumbe 13, wa Wisconsin peke yake.

Nani alikuwa wapi

Republican kilianzishwa katika miaka ya 1850 kupinga kuenea kwa utumwa, kikaongoza upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kufikia 1920 kilikuwa chama cha wenye viwanda, mabenki, wakulima wa Kiprotestanti wa majimbo ya kati, na Watu Weusi wale waliofanikiwa kupiga kura. Lakini ndani yake kulikuwa pia na watu kama La Follette, George Norris wa Nebraska na Hiram Johnson wa California, waliotaka serikali iyabane makampuni ya reli na umeme. Leo tungewaita watu wa mrengo wa kushoto.

Democratic kilikuwa makabila mawili chini ya jina moja. La kwanza lilikuwa Wazungu wa Kusini, katika majimbo yaliyojitenga wakati wa vita ili kuulinda utumwa. Huko Watu Weusi walizuiwa kupiga kura kwa kodi ya kura, mitihani ya kusoma, vitisho na mauaji. Mchujo wa chama uliwekwa kuwa wa Wazungu tu, na Texas iliandika jambo hilo kwenye sheria mwaka 1923. Kwa kuwa Warepublican hawakuwa na nguvu huko, aliyeshinda mchujo wa Democratic alikuwa ameshashinda uchaguzi.

Kabila la pili lilikuwa la miji ya Kaskazini kama New York, Boston na Chicago: Waayalandi, Waitaliano, Wapolandi na Wayahudi, wengi wao wahamiaji au watoto wa wahamiaji, wakiongozwa na mashine za kisiasa, yaani mitandao ya vigogo wa chama mjini, kama Tammany Hall ya New York. Waumini wa Kusini, Wabaptisti na Wamethodisti, waliona pombe ni dhambi na Papa ni tishio. Wenzao wa Kaskazini walikwenda misa Jumapili na hawakuona ubaya wa bia. Tangu Januari 1920 pombe ilikuwa marufuku kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo huu haukuwa ubishi wa pembeni. Uligawa chama katikati. Ukiuliza Wademokrat wa 1924 walikuwa na msimamo gani juu ya jambo lolote zito, jibu sahihi ni kuuliza kwanza: wa wapi?

Na Ku Klux Klan? Kundi lililofufuliwa Georgia mwaka 1915 lilikuwa na wanachama wanaohesabiwa kwa mamilioni katikati ya miaka ya 1920. Liliwachukia Watu Weusi, na pia Wakatoliki, Wayahudi na wahamiaji. Kusini liliishi ndani ya Democratic kwa sababu kila Mzungu mwenye siasa aliishi humo. Lakini Indiana, jimbo la Kaskazini, liliingia ndani ya Republican, na gavana Edward Jackson alichaguliwa mwaka 1924 kwa msaada wake. Mwaka huohuo Colorado ilimchagua Clarence Morley kuwa gavana, Mrepublican na mwanachama wa Klan. Klan ilipanda gari lolote lililokuwa linakwenda kwenye madaraka. Anayeitundika shingoni mwa chama kimoja tu, basi hajaitazama Indiana.

Chumba cha hoteli ya Blackstone

Juni 1920 Warepublican walikutana Chicago. Waliokuwa mbele ni Jenerali Leonard Wood na Gavana Frank Lowden wa Illinois, lakini wote wawili walikuwa wamechafuliwa na maswali kuhusu fedha za kampeni, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Hadithi maarufu inasema usiku wakubwa wa chama walijifungia katika chumba cha hoteli ya Blackstone, moshi wa sigara umetanda, wakamchagua Seneta Warren Harding wa Ohio, na kesho yake wajumbe wakaidhinisha.

Mazungumzo kweli yalifanyika, na jina la Harding lilitajwa. Lakini wajumbe hawakuamka wakiwa wameshaamriwa. Ilichukua duru kadhaa zaidi za kura siku iliyofuata kabla Harding hajapita katika duru ya 10, na baadhi ya wakubwa waliokuwa chumbani waliendelea kuwapigia wengine. Harding alishinda kwa sababu alikuwa chaguo la pili la watu wengi na adui wa watu wachache, na mikutano iliyokwama hupenda mtu wa namna hiyo. Novemba alipata karibu asilimia 60 ya kura dhidi ya James Cox, ambaye mgombea mwenza wake alikuwa kijana aitwaye Franklin Roosevelt. Harding alifariki akiwa madarakani Agosti 1923, na makamu wake Calvin Coolidge akashika nafasi.

Kura 103

Mkutano ninaotaka tukae nao ni wa Wademokrat, Madison Square Garden, New York, uliofunguliwa Juni 24, 1924. Ukiuelewa huu, mengine yote yanafunguka.

Walikuwapo wawili wenye nguvu. William Gibbs McAdoo alikuwa waziri wa fedha wa Rais Woodrow Wilson, na mkwewe pia. Alikuwa Mprotestanti, aliunga mkono marufuku ya pombe, na nguvu zake zilikuwa Kusini na Magharibi. Klan ilimpenda, naye hakuwahi kusimama waziwazi kuikataa. Al Smith alikuwa gavana wa New York, Mkatoliki aliyekulia katika mitaa ya maskini ya Manhattan, akaacha shule mapema na kufanya kazi katika soko la samaki. Alitaka marufuku ya pombe ilegezwe. Kwa wahamiaji alikuwa mtoto wao. Kwa wajumbe wengi wa Kusini alikuwa kila kitu walichokiogopa katika mtu mmoja.

Aliyesimama kumpendekeza Smith alikuwa Franklin Roosevelt, ambaye mwaka 1921 polio ilimpooza miguu. Alifika jukwaani kwa magongo. Wengi walioamini siasa yake imekwisha walibadili mawazo siku ile.

Kabla ya kuchagua mtu, wajumbe walibishania sentensi moja ya ilani: je, chama kiilaani Klan kwa jina? Pendekezo lilishindwa kwa tofauti ndogo mno kati ya kura zaidi ya elfu moja. Chama kilipasuka nusu kwa nusu, mbele ya nchi nzima, kwa kuwa mwaka ule mikutano hii ilitangazwa redioni kwa mara ya kwanza. Haki inadai tuseme kwamba si kila Mzungu wa Kusini alikuwa upande mmoja. Seneta Oscar Underwood wa Alabama aliipinga Klan waziwazi, na hilo liliharibu matumaini yake ya urais katika eneo lake mwenyewe.

Sasa ikaja kanuni iliyotawala kila kitu. Tangu 1832 mgombea wa Democratic alihitaji theluthi mbili za wajumbe, si nusu na zaidi. Mwaka 1924 hiyo ilikuwa kura 732 kati ya 1,098. Kanuni ilikuwa ngao ya Kusini, kwa sababu hakuna ambaye angeteuliwa bila ridhaa yao. Lakini ngao hiyohiyo iliwapa watu wa miji nguvu ya kumzuia mtu wa Kusini. Duru ya kwanza McAdoo alipata 431.5, Smith 241. (Nusu kura zilikuwapo kwa kuwa baadhi ya majimbo yalipeleka wajumbe wengi kuliko kura zao, wakagawana.) Kila mmoja, pamoja na wengine wasiomtaka mwenzake, aliweza kumzuia mwenzake, na hakuna aliyekuwa na wajumbe wa kutosha kushinda.

Wakapiga kura siku baada ya siku, katika joto la Julai. Majimbo yaliitwa kwa alfabeti, na kila duru gavana wa Alabama alifungua kwa kutangaza kura 24 kwa Underwood, hadi wasikilizaji wa redio nchi nzima wakaikariri sauti yake. Julai 9, baada ya wote wawili kujitoa, duru ya 103 ilimpa uteuzi John W. Davis, wakili wa makampuni makubwa na balozi wa zamani nchini Uingereza. Hakuna mkutano wa chama kikubwa uliowahi kuchukua duru nyingi hivyo. Davis baadaye aliilaani Klan kwa jina, jambo ambalo Coolidge hakulifanya, lakini alishapewa chama kilichokufa. Alipata asilimia 28.8 tu ya kura.

Smith apita, Kusini yatikisika

Mwaka 1928 Wademokrat walichoka kupigana na wakampa Smith uteuzi mapema. Coolidge alishatangaza Agosti 1927, kwa karatasi ndogo aliyowagawia waandishi wa habari, kwamba hatagombea, kwa hiyo Warepublican walimsimamisha Herbert Hoover, aliyesifika kwa kuongoza misaada ya chakula Ulaya wakati wa vita.

Wengi husema Smith alishindwa kwa sababu ya Ukatoliki wake. Dini yake ilimgharimu kweli, na kampeni dhidi yake ilikuwa chafu. Lakini uchumi ulikuwa unapaa, na sioni Mdemokrat yeyote ambaye angemshinda Hoover mwaka ule. Hoover alipata wajumbe 444 dhidi ya 87. Cha kushangaza zaidi kiko ndani ya namba hizo. Majimbo matano ya Kusini ya zamani, Texas ikiwa mojawapo, yalimpa kura Mrepublican kuliko kumpa Mkatoliki. Wakati huohuo Smith alichukua Massachusetts na Rhode Island, na kura zake milioni 15 zilikaribia mara mbili ya zile za Davis. Watoto wa wahamiaji walikuwa wameanza kupiga kura kwa wingi, na walijua wapi pa kuzipeleka.

Roosevelt na kanuni ya zamani

Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza baada ya soko la hisa kuporomoka Oktoba 1929 ulimwondoa Hoover. Kufikia 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Lakini Roosevelt, sasa gavana wa New York, nusura asifike hata kwenye karatasi ya kura. Mkutanoni Chicago mwaka 1932 alikuwa na wajumbe zaidi ya nusu tangu duru ya kwanza, ila hakuwa na theluthi mbili. Smith, rafiki wa zamani aliyejiona amesahauliwa, alikuwa miongoni mwa waliomzuia. Spika John Nance Garner wa Texas alishikilia wajumbe wa Texas na California. Walipohamia kwa Roosevelt katika duru ya nne, aliyesimama kutangaza uamuzi wa California alikuwa McAdoo, yuleyule wa 1924. Garner akawa mgombea mwenza.

Kwa desturi mgombea alikaa nyumbani akisubiri kuarifiwa rasmi wiki kadhaa baadaye. Roosevelt alipanda ndege hadi Chicago na kukubali uteuzi papo hapo. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba alikuja na mpango mzima wa kuijenga upya nchi. Ilani ya chama chake ya 1932 iliahidi kupunguza matumizi ya serikali kuu kwa angalau asilimia 25. Serikali kubwa inayoajiri watu na kulipa pensheni ilikuja hatua kwa hatua, baada ya ushindi.

Watu Weusi wengi walibaki na Hoover hata mwaka ule. Uaminifu wao kwa chama cha Lincoln, hata hivyo, ulikuwa umeanza kulegea. Hoover aliwabembeleza Wazungu wa Kusini, na mwaka 1930 alimteua kwa Mahakama Kuu kabisa ya nchi Jaji John Parker, aliyewahi kusema Weusi hawako tayari kushiriki siasa. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, na vyama vya wafanyakazi vilimpinga, na Seneti ikamkataa kwa kura 41 dhidi ya 39. Mwaka 1932 Robert Vann, mchapishaji wa gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier, aliwaambia wasikilizaji wake waigeuze picha ya Lincoln ielekee ukutani, kwa kuwa deni lile lilikwisha kulipwa.

Kilichowahamisha hasa kilikuwa kazi na mkate. Waliohama Kusini kwenda Chicago, Detroit na Harlem ya New York waliweza kupiga kura, na miradi ya ajira ya Roosevelt, pamoja na ubaguzi wake, iliwafikia. Mwaka 1934 Arthur Mitchell alimshinda mjini Chicago Oscar De Priest, Mrepublican aliyekuwa Mtu Mweusi pekee katika Bunge. Mitchell akawa Mdemokrat Mweusi wa kwanza kuingia humo. Mwaka 1936 zaidi ya theluthi mbili ya Weusi waliopiga kura walimpa Roosevelt, aliyechukua majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont, wajumbe 523 dhidi ya 8.

Hili halikumfanya Roosevelt kuwa mtetezi wa haki zao. Mswada wa kupambana na mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya Wazungu uliuawa na maseneta wa Kusini waliohutubia bila kukoma ili kura isipigwe, na Rais hakuusukuma, kwa kuwa alizihitaji kura zao kwa sheria nyingine. Sheria ya pensheni ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi zilizofanywa na Weusi wengi wa Kusini. Anayesema Democratic kilibadilika 1936 na aikumbuke sheria hiyo.

Mwaka huohuo, mkutanoni Philadelphia, kanuni ya theluthi mbili ilifutwa. Kamati ya kanuni iliongozwa na Seneta Bennett Champ Clark wa Missouri, ambaye baba yake alipata zaidi ya nusu ya wajumbe mwaka 1912 na bado akanyimwa uteuzi kwa sababu ya kanuni hiyo. Katika mkutano huohuo mchungaji Mweusi alipopanda kuomba dua, Seneta Ellison Smith wa South Carolina alitoka nje. Kusini ilikuwa imepoteza turufu yake ya uteuzi.

Haikupoteza viti vyake. Uenyekiti wa kamati za Bunge ulifuata ukongwe, na wakongwe walikuwa wa Kusini, wasio na mshindani nyumbani. Agosti 1938 Roosevelt alikwenda Barnesville, Georgia, akawaomba wapiga kura wa chama chake wamkatae Seneta Walter George, huku George mwenyewe amekaa jukwaani akisikiliza. George alishinda mchujo. Ellison Smith naye alishinda wa kwake. Chama kikabaki na Harlem na Georgia pamoja kwa miaka kumi zaidi. Mwaka 1948 kilipopitisha ilani ya haki za kiraia, baadhi ya wajumbe wa Kusini walitoka ukumbini na kumsimamisha Strom Thurmond wa South Carolina, aliyechukua majimbo manne. Thurmond alirudi Democratic, na hakujiunga na Warepublican hadi 1964, miaka 40 baada ya zile kura 103.